Mlezi Aliyeacha Kuwapeleka Wafu Kahama

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Eustakia Felisiani, Mlezi Mkuu wa Kituo cha Malezi cha Jirani Mwema, Ntobeye, wilayani Ngara, atakabidhi funguo na kustaafu rasmi baada ya kukitumikia kituo kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Katika muda wote huo ameomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili tu, na mara zote mbili alirudi kazini kabla daktari hajamruhusu. Uongozi uliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya hafla hii, kurasa mbili, nisizidishe. Nimezidisha. Atakayelalamika amwone yeye, maana ndiye aliyefanya mengi.

Bi. Eustakia alizaliwa mwaka 1965 Nyakahura, wilayani Biharamulo, katika familia ya wakulima. Kisubi ni lugha ya mama yake. Kiswahili alikipata shuleni, Kihangaza alikiokota jikoni kwetu, na Kirundi alifundishwa na watoto wenyewe, ndiyo maana hadi leo anakizungumza kama mtoto wa miaka sita. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1996 kuwa mpishi msaidizi, kwa mkataba wa miezi mitatu. Kituo kilikuwa na watoto arobaini na wawili, wengi wao wakiwa wamevuka mpaka katika vurugu za miaka ile na kupotezana na wazazi njiani. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyekumbuka kumwambia, naye hakuuliza.

Waliofanya naye kazi jikoni wanasema sheria yake ilikuwa moja: hakuna kulala kabla ya kunawa miguu. Sheria hiyo haikuwa na msamaha. Yuko mgeni mmoja wa heshima, aliyekuja kukagua kituo akanyeshewa na kulazimika kulala, ambaye aliletewa beseni la maji ya vuguvugu na kusimamiwa mpaka akanawa hadi kati ya vidole. Ripoti yake ilikisifu kituo kwa usafi. Mwaka 2003 Bi. Eustakia alipandishwa cheo kuwa mlezi wa wavulana, na mwaka 2011 akawa Mlezi Mkuu. Wakati huo ndipo mimi, Novatus, nilipofika hapa kuwa afisa ustawi wa jamii, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kunawa miguu.

Lakini katika vijiji vya huku hakuna anayemjua Bi. Eustakia kwa beseni. Anajulikana kwa katuni.

Jambo hili lilianza mwaka 2004. Wavulana watatu walikuwa wakitoroka kila Jumamosi kwenda Kabanga kuangalia filamu kwenye kibanda umiza, kile chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na joto la kutosha kuivisha ndizi. Bi. Eustakia alikata fimbo ya mkaratusi akaenda kuwatoa. Aliingia saa nane mchana. Alitoka saa kumi, fimbo kwapani, macho mekundu, wavulana watatu wakimfuata kimyakimya. Ndani alikuwa amekuta katuni, na pembeni ya televisheni amesimama kijana mwenye maiki akiitafsiri kwa Kiswahili, huku akiongeza chumvi pale alipoona filamu imepooza. Wavulana hawakuchapwa. Mlezi wao alirudi kituoni akaandika barua ya kuomba televisheni, ikakataliwa, akaandika nyingine. Aliandika kwa miaka mitano. Mwaka 2009 tulipata televisheni, sola ya kuiendesha, na yeye akapata maiki.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa nane, nguo zikishaanikwa, watoto hukaa kwenye mikeka katika bwalo la chakula. Sauti ya filamu hupunguzwa, na Bi. Eustakia husimama kando ya kioo na kutafsiri. Kusema anatafsiri ni kumheshimu kupita kiasi, kwa sababu Kiingereza chake si kikubwa. Anatazama, anaelewa, kisha anasema anavyoona yeye. Kwake kila mnyama ana kwao. Fisi ni mgambo, sungura ni dalali wa ng'ombe, na tembo yeyote ni mwenyekiti wa kijiji. Akiona malkia mwenye hasira anampa sauti ya mtu tunayemfahamu, na mtu huyo, ambaye leo yumo ukumbini, huwa anacheka kuliko wote.

Sijui watu wanaotengeneza katuni wana ugomvi gani na akina mama. Ukikaa Jumamosi nyingi kwenye bwalo letu utaona mwenyewe. Filamu haijafika dakika ya kumi, mama ameshaondoka: ameugua, amezama, amechukuliwa na dhoruba, au hatajwi kabisa kana kwamba mtoto aliota kama uyoga. Baba akibaki, ni mzee asiyeelewa kitu. Bi. Eustakia alianza kuziandika kwenye daftari la shule, mistari mitatu kwa kila filamu: jina, mama, baba. Kufikia mwaka 2016 daftari lilikuwa na katuni hamsini na mbili. Mama hakuwepo katika thelathini na nne. Baba hakuwepo katika ishirini na moja. Wote wawili walikuwa wazima mwanzo hadi mwisho katika kumi na nne tu, na kati ya hizo kumi na nne watoto walisinzia katika tisa.

Alikuwa na maelezo yake kuhusu hilo, na mimi sijapata mazuri zaidi. Alisema mama wa mtoto yule angekuwepo, angemwambia nawa miguu ulale, na filamu ingeishia hapo.

Sasa nafika mahali ambapo wasifu wa kawaida ungeruka. Bi. Eustakia amenikataza kuruka, na kusema kweli ndiko huko kazi yake kubwa iliko.

Katika vijiji vyetu, mzazi akifa, watoto wadogo hupelekwa kwa jirani kabla mwili haujafika nyumbani. Mazishi yakiisha hurudishwa, na akiuliza mtoto, huambiwa mama amekwenda Kahama, au Mwanza, kutafuta kazi, atarudi. Wazee walifanya hivyo kwa huruma. Waliamini moyo wa mtoto ni mdogo mno kwa habari kubwa kama hiyo, na kwamba akikua ataelewa mwenyewe. Sisi kituoni tuliurithi utaratibu huo bila kuuliza. Mimi niliyesomea ustawi wa jamii chuoni, na nikafaulu, nilifanya hivyo hivyo.

Basi Bi. Eustakia, akiwa na maiki mbele ya mikeka iliyojaa yatima, na mama wa katuni anakufa kila Jumamosi, angefanya nini? Aliwapeleka Kahama. Mama nungunungu amefunikwa na maporomoko ya mlima mbele ya macho yetu sote, na mlezi wetu anatangaza kwa furaha kwamba amepata lifti ya lori la mahindi. Watoto wakubwa walikuwa wanaona mlima ukianguka. Walinyamaza kwa adabu. Tatizo lilikuja mwishoni, pale filamu inapokwisha na mama hajarudi. Hapo Bi. Eustakia aliongeza mwisho wake. Picha zimekwisha, kioo ni cheusi, majina ya watengenezaji yanapanda, naye bado anaongea: lile pale basi linaingia, yule pale anashuka, ana begi jekundu, mwanawe amemwona, wanakumbatiana. Watoto wadogo walishangilia kioo cheusi. Nilikuwa nikikunja nyaya huku nikijiambia kwamba tuna mlezi hodari.

Mwezi Novemba 2016 alikuja kwetu Anneth, akikaribia miaka saba. Mama yake alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, yeye pamoja na kichanga. Alibaki na bibi yake, Mama Niragira wa Keza, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkatalia shamba. Bibi ndiye aliyemleta. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba mtoto anajua mama yuko Kahama. Nikaandika hivyo kwenye faili, kwa mkono wangu.

Jumamosi moja ya Februari tulionyesha ile katuni ya nungunungu. Anneth hakushangilia. Majina yalipokuwa yanapanda alisogea karibu na kioo, akanifuata nikikunja nyaya, akauliza kama yale ni majina ya abiria. Nilikuwa na haraka. Nikasema ndiyo. Akauliza kama jina la mama yake limo. Nikasema limo, limepita haraka.

Kesho yake, baada ya ibada, Anneth hakuonekana. Tulimtafuta visimani, migombani, kwa majirani. Alikuwa amekata njia za miguu peke yake, zaidi ya saa tatu, hadi stendi ya Kabanga, kwa sababu alisikia mabasi ya kutoka Kahama hufikia huko. Alikaa kwenye tofali mbele ya meza ya kijana mbadilisha fedha aitwaye Manirakiza, na kila basi lilipoingia alikwenda mlangoni kuangalia wanaoshuka. Manirakiza alimnunulia chapati, akamuuliza anamsubiri nani, kisha akapiga simu kwa kila mtu aliyemfahamu Ntobeye mpaka simu ikanifikia mimi.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Anneth alipotuona alimsalimia Bi. Eustakia vizuri, "Shikamoo mama," akatueleza kwa upole kwamba hawezi kuondoka sasa, basi la Kahama bado moja. Nilitaka kumbeba. Bi. Eustakia alinizuia kwa mkono. Alivuta tofali jingine, akakaa. Basi la mwisho liliingia kama saa kumi. Mtoto alisimama mlangoni akatazama uso wa kila aliyeshuka, hata wanaume, hata mzee mmoja mwenye kuku. Basi lilipobaki tupu aliomba kuingia ndani kuangalia, na kondakta akamruhusu. Alitoka akasema pengine mama amelala njiani, atakuja kesho. Mimi niligeukia kwenye ukuta wa duka. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sijaona aibu kama ile.

Bi. Eustakia hakulia. Aliporudi kituoni alikuwa ameshakata shauri, na wanaomfahamu wanajua akishakata shauri ni kupoteza muda kumrudisha. Kwanza alitaka mtoto aambiwe ukweli. Pili, hakutaka aambiwe na kituo peke yake, bali na ndugu zake, nyumbani kwao. Kesho yake asubuhi alikuwa Keza, amepiga magoti mbele ya Mama Niragira. Bibi aliitikia "marahaba" na baada ya hapo hakuitikia kitu kingine. Safari ya kwanza alirudi mikono mitupu. Safari ya pili alifukuzwa, kwa heshima, akapewa na mkungu wa ndizi wa kurudi nao.

Wakati huohuo habari zilifika kwenye kamati ya kituo. Mwenyekiti wetu, Mzee Sostenes, alikuja amekunja ndita, akasema katuni ndizo zilizomtorosha mtoto na kuanzia wiki hiyo zifungwe. Wajumbe wakakubaliana naye, na mimi, naandika haya mbele za watu, nilinyamaza. Bi. Eustakia alisimama akaomba radhi. Kisha akasema, "Mzee wangu, katuni haikumdanganya mtoto. Katuni ilisema mama amekufa. Aliyesema yuko Kahama ni mimi, na maiki ilikuwa mkononi mwangu." Akasema kama kuna kitu cha kufungwa kifungwe kinywa chake, na kama wanampa mwezi mmoja atakifungua upya mbele yao. Kamati ilimpa mwezi, shingo upande.

Safari ya tatu hakupiga magoti. Alimkuta Mama Niragira anapukuchua maharage, akakaa chini akapukuchua naye tangu asubuhi hadi jua la utosi, bila kugusia neno la mtoto. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimempeleka, na nilipewa ungo wangu. Bibi ndiye aliyeanza. Alisema alipokuwa mdogo baba yake alikwenda Uganda kwenye mashamba ya kahawa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Kila mtu aliyerudi kutoka Uganda alimkimbilia kumuuliza. Mwaka alioolewa, shangazi yake akamwambia kwa kupitia tu, huku akimsuka, kwamba baba alizikwa zamani, kaburi liko nyuma ya zizi, pale alipokuwa akichezea. "Niliolewa nikiwa bado namsubiri," alisema. Kisha akakaa akiyatazama maharage mkononi kama ameyaona leo. Akasema mtoto aletwe Ijumaa, na aseme yeye mwenyewe, si mwingine.

Ijumaa ile tulikuwa watu wanne nyuma ya migomba ya Keza. Mama Niragira alimshika Anneth mkono akamwambia kwa Kihangaza, kwa maneno machache, kwamba mama yake alikufa, na mdogo wake pia, na wako hapa. Hakusema wamelala. Hakusema wameitwa. Swali la kwanza la Anneth lilikuwa kwa Bi. Eustakia: "Kwa hiyo basi nisilisubiri tena?" Bi. Eustakia akamwambia usilisubiri tena. Hapo ndipo mtoto alipolia, akalia sana, na sisi watu wazima tukalia naye, mimi zaidi. Alipochoka alichuchumaa akaanza kung'oa majani juu ya kaburi la mama yake, moja moja, na bibi yake akachuchumaa kando yake. Usiku huo, walezi wa zamu wanasema, Anneth alilala bila kuamka kwa mara ya kwanza tangu aje.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mzee Sostenes alikuja na wajumbe wawili wakakaa kwenye benchi la nyuma. Bi. Eustakia aliweka katuni ileile ya nungunungu. Mlima ulipoanguka, aliishika maiki kwa mikono miwili, nilikuwa karibu nilimwona. Akasema, "Mama yake amekufa. Hatarudi. Yeye amebaki, na sasa tutaona atafanyaje." Kisha sauti ndogo ikatoka kwenye mkeka wa mbele, Anneth akimfafanulia jirani yake kwamba ndivyo inavyokuwa, na kwamba wa kwake yuko Keza nyuma ya migomba. Filamu ikaendelea. Nungunungu mdogo alihangaika kama kawaida, akapotea, akapata marafiki, akafika. Majina yalipoanza kupanda Bi. Eustakia alizima maiki. Hakuna basi lililoingia.

Hakuna aliyeinuka pia. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kama darasani akauliza, na wa kwangu je? Halafu mwingine. Halafu wote.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo baadhi yenu mmeisoma kwenye ripoti kwa jina refu. Sisi tuliifanya kwa pikipiki. Kwa mwaka mmoja na nusu Bi. Eustakia na mimi tulizunguka kuulizia wazazi wa watoto sitini na watatu: Keza, Ntobeye yote, ng'ambo ya mpaka kwa barua, Biharamulo mara kumi na moja. Alinipa sheria moja. Majibu ya kumpa mtoto ni matatu tu: amekufa, yuko mahali fulani, au hatujui. La nne halipo. Nilimwambia hilo la tatu ni gumu kuliko yote, mtoto atabaki ananing'inia. Akanijibu kwamba mtoto anajua kuning'inia tangu zamani, asichokijua ni kwamba na sisi tunaning'inia naye. Watoto kumi na tisa hadi leo jibu lao ni hatujui, na kila Januari tunawaita mmoja mmoja kuwaeleza tumeuliza wapi tena mwaka huu.

Kulikuwa na furaha pia, msidhani ilikuwa vilio tu. Kijana wetu Ntwari, ambaye ndugu waliokosana walituambia mama yake ameshafariki, tulimkuta mama huyo akiuza nyanya sokoni Biharamulo, mzima, mnene, na mwenye hasira na dunia nzima kwa sababu na yeye aliambiwa mwanawe amekufa. Alimpiga Bi. Eustakia kwa kanga mgongoni kabla hajamkumbatia. Tulirudi naye mishikaki, watu watatu na tenga la nyanya, pikipiki moja.

Mwaka 2019 kamati ilipitisha utaratibu kwamba kila mtoto anayepokelewa aambiwe ukweli kuhusu wazazi wake ndani ya siku kumi na nne, na ndugu awepo. Aliyeleta hoja ni Mzee Sostenes. Alisema alipinga kwa nguvu na anataka kukumbukwa kwamba aligeuka kwa nguvu. Bi. Eustakia alimpigia makofi peke yake kwa dakika nzima mpaka mzee akaona haya. Anneth sasa yuko kidato cha tatu. Kila likizo huanzia Keza, huchukua jembe la bibi yake, marehemu naye sasa, na kusafisha makaburi matatu kabla hajavua sare.

Zawadi, vyeti na picha mtaviona mezani. Nilitaka kumalizia hapo. Lakini niliwaomba wachapaji wa Ngara mjini wanisubiri siku moja, kwa sababu Jumanne, tarehe 24 Juni, kuna jambo lilitokea.

Tarehe 14 Juni tulimpokea Tecla, miaka sita, kutoka Biharamulo. Mama yake alifariki Mei. Siku kumi na nne zilikuwa zinakatika. Nilidhani Bi. Eustakia ndiye atakayemwambia, kama alivyowaambia wote kwa miaka minane, mimi nikishika kalamu. Alikataa. Alisema anaondoka Jumatatu na hataki kuacha kituo ambacho ukweli uko kinywani mwa mtu mmoja. Akasema, bila ukali, kwamba aliyeandika Kahama kwenye faili anajua vizuri kuliko yeyote kwa nini haiandikwi tena. Nilitafuta visingizio kwa siku kumi. Nilikuwa na vikao, nilikuwa na pancha, nilikuwa naandika wasifu huu. Alivisikiliza vyote na kila jioni akaniuliza, "Umemwambia?"

Jumanne nilimwambia. Mjomba wake, Leonidas, alikaa upande mmoja na mimi upande wa pili, kwenye benchi la jikoni. Nilimwambia mama yake amekufa na hatarudi, na kwamba mjomba atampeleka kaburini Jumapili. Nilitumia neno lenyewe. Tecla alilia, akanyamaza, akalia tena. Kisha akaniuliza kama Mama Eustakia naye anakufa, kwa sababu amesikia watu wanasema anaondoka na amewaona wakimfungia mizigo.

Nilimshika mkono nikampeleka kwa mwenyewe. Bi. Eustakia alikuwa amekaa juu ya sanduku lake ili lifunge. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamkalisha juu ya sanduku pia, akamwambia: "Nitakufa, mwanangu, kila mtu hufa. Lakini si Jumanne ijayo. Jumanne ijayo napanda basi kwenda Nyakahura kulima, nyumba yangu ina mlango wa kijani, na Novatus ana namba yangu. Siku nikifa, atakuja kukuambia yeye mwenyewe, na hatakuambia niko Kahama." Tecla alinigeukia kuona kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Bi. Eustakia, kwa niaba ya wafanyakazi, kamati, na watoto wote waliopita kwenye mikeka yako, asante. Asante kwa maharage, kwa beseni, kwa fisi mgambo, na kwa Jumamosi ile ulipoishika maiki kwa mikono miwili ukasema ukweli. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha Nyakahura, na miaka mingi ya kulala bila kuamshwa na mtu. Watoto wataendelea kutuuliza uko wapi, na kila watakapouliza tutawaambia ulipo.